Lugha ya Kwanza ya Kompyuta, kwa Asiyetafuta Ajira Nayo

Ukisema hapa chuoni kwamba unajifunza kuandika programu za kompyuta, utaulizwa maswali mawili. La kwanza: ili uajiriwe wapi? La pili: kwa lugha gani? Na kabla hujafungua mdomo kujibu hilo la pili, mtu ameshakuchagulia. Wale vijana wa IT wanaokaa nyuma ya kantini wana ubishi wao ambao haujaisha tangu mie niingie mwaka wa kwanza. Mmoja atakwambia anza na C, eti asiyejua C hajui kitu. Wa pili anasema Java, kwa sababu ndiyo inayokuja kwenye mtihani. Wa tatu anacheka: muda wa hayo umepita, siku hizi unaiambia akili bandia ikuandikie, wewe kazi yako kunakili tu.

Mie nasomea ualimu, Kiswahili na historia. Sitaki kuwa mhandisi wa programu, na sijamwambia mtu yeyote kwamba nitajiajiri. Nataka kuandika programu kama mama zetu wanavyoshona kofia barazani baada ya Alasiri: taratibu, huku mazungumzo yanaendelea, mmoja anashona auze, mwengine anashona kwa sababu mikono yake haipendi kukaa bure. Kwa mtu wa namna hiyo, ushauri wa kantini haufai. Wanamshauri mwanafunzi wa shahada, si mtu mwenye saa moja ya usiku na simu.

Na simu ndiyo iwe ya kwanza katika kuchagua. Sina laptopu. Maabara ya kompyuta ina foleni yake, na ikifungwa jioni imefungwa. Umeme tunao, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umetufikia tangu mwaka 2010, na wazee wanaoyakumbuka majenereta ya Wesha hutwambia tusilalamike. Lakini ukikatika umekatika, na kompyuta ya mezani haina subira. Simu inabaki na chaji yake. Kwa hiyo lugha yoyote inayotaka kwanza ushushe mzigo mkubwa wa intaneti, au kompyuta yenye nguvu, mie nimeiweka pembeni bila kuisoma. Huo si uvivu. Mtu anayejifunza kwa raha akikwama wiki mbili kwenye kuweka programu tu, harudi tena. Nimewaona.

Zilibaki mbili. JavaScript, ambayo tayari imo ndani ya kivinjari cha kila simu; huhitaji kuweka chochote. Na Python, ambayo unaipata kwa kushusha programu moja, mie natumia Pydroid 3, halafu unaweza kuzima data na ukaendelea hata ukiwa shamba. Scratch niliiangalia pia. Ilitengenezwa pale MIT, ikatoka mwaka 2007, unaunganisha vipande vya rangi badala ya kuandika, na unaweza kuigeuza ikawa ya Kiswahili. Kwa mdogo wangu wa darasa la tano ni nzuri mno. Kwa skrini ya simu yangu vipande vinabanana hadi kidole kinashika viwili kwa pamoja.

Nilifurahi kugundua kwamba sisi tusio wataalamu si wageni waalikwa kwenye mambo haya. Mwaka 1964 walimu wawili wa hesabu wa chuo cha Dartmouth huko Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitengeneza lugha inayoitwa BASIC, na walikusudia khasa wanafunzi wa masomo ya sanaa, wale ambao hakuna aliyewafikiria. Programu za kwanza ziliendeshwa alfajiri ya tarehe 1 Mei. Mtu wa historia hawezi kuacha kuhesabu: siku tano baada ya Muungano. Sisi tulikuwa na mambo yetu mwezi ule. Na Python yenyewe, Guido van Rossum aliianza huko Amsterdam sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1989, ofisi imefungwa, anatafuta kitu cha kujishughulisha nacho nyumbani. Ikatoka mwaka 1991. Jina halikutokana na chatu, ijapokuwa nembo yake ni nyoka wawili. Alikuwa mpenzi wa kundi la vichekesho vya Waingereza, Monty Python. Basi lugha inayoendesha nusu ya dunia leo ilianza kama kazi ya likizo. Nikiulizwa tena "ili uajiriwe wapi?" huwa nataja hilo, ingawa halimridhishi muulizaji.

Sasa, nini cha kuandika? Vitabu vyote vinaanza na kuisalimia dunia, halafu vinakupeleka kwenye akaunti ya benki au duka la pitsa. Hapo ndipo wengi tunalala. Programu yangu ya kwanza yenye maana ilikuwa ya saa. Simu yangu inasema 07:00, bibi yangu anasema saa moja. Kila Mswahili anafanya hesabu hiyo kichwani bila kujua kwamba anaifanya. Nilipotaka kuiandika ndipo nikaona ilivyo:

saa = int(input("Saa ya simu? "))
yetu = (saa + 6) % 12
if yetu == 0:
    yetu = 12
print("Saa", yetu)

Mistari mitano. Alama ile ya asilimia haihusu asilimia. Ni baki la kugawanya. Saba ukiongeza sita ni kumi na tatu, ukigawa kwa kumi na mbili inabaki moja. Saa saba mchana simu inaandika 13, ukiongeza sita ni kumi na tisa, inabaki saba. Ile "if" ipo kwa ajili ya saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, ambapo baki ni sifuri na hakuna mtu Pemba aliyewahi kukwambia ni saa sifuri. Niliijaribu kwa saa zote, kuanzia 0 hadi 23, nikaziandika kwenye karatasi. Sijui kwa nini jambo dogo hivyo lilinipa furaha kubwa hivyo. Pengine kwa sababu hakuna kitabu kilichokuwa nalo.

Halafu nikataka iseme "asubuhi" au "usiku", na hapo programu ikanigeukia na kuniuliza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Alfajiri inaisha lini? Jioni inaanza kabla ya Alasiri au baada yake? Nilimuuliza shoga yangu wa dakhalia, anatoka Mkoani, tukabishana hadi taa zikazimwa. Na siku je? Kwenye simu siku inageuka saa sita usiku. Kwa bibi yangu inageuka magharibi, jua likizama, na ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwake ni ule ambao simu inauita Alkhamisi. Ukimwambia mtu "arusi usiku wa Ijumaa" na ukamwandikia kwenye kalenda ya simu, atafika kesho yake akute watu wanaosha masufuria. Kompyuta haina jibu la hilo. Lugha yoyote utakayochagua, iwe C iwe Python, itakuachia wewe uamue siku inaanza lini, halafu itatii. Mie niliandika magharibi kuwa ni saa 18 kamili, hapa kwetu karibu na ikweta jua halihamihami sana, lakini najua ni makadirio.

Nikaja kwenye karafuu, na hapa mchezo ulikaribia kuisha kuwa mchezo.

Shangazi yangu hukodi shamba msimu wa karafuu, upande wa Wete. Si shamba kubwa. Anaweka wachumaji, na jioni karafuu zikishachambuliwa, vikonyo pembeni, kila mtu anapimiwa kwa pishi na kuandikwa kwenye daftari kwa penseli. Malipo yanafanywa baada ya siku kadhaa, na hapo ndipo maneno yanapozuka. Msimu uliopita mchumaji mmoja, mtu mzima anayemwita shangazi "dada" tangu utoto, aliondoka akisema amepunjwa pishi nne. Daftari lilikuwa limelowa mvua, penseli imefutika. Shangazi akampa alichodai ili yaishe, na hayakuisha. Hadi leo wakikutana kwenye maziko wanasalimiana kwa mbali.

Nikasema nitaandika programu ya kujumlisha pishi. Na kabla ya kuileta kwa watu nikaiandika kwa lugha zote mbili, kwa makusudi, nione ipi ninaweza kuiamini. Mchumaji amechuma pishi 12 siku ya kwanza na 9 siku ya pili. Tuseme shilingi 1,000 kwa pishi, ili hesabu iwe nyepesi. Mtoto wa darasa la tatu anajua ni 21,000.

Kitu unachokiandika kwenye kisanduku cha kujazia, kompyuta inakipokea kama maandishi, si kama namba. Hiyo ni kwa JavaScript na kwa Python pia. Tofauti ni kinachofuata usipoigeuza namba. JavaScript ilianza na sifuri, ikaongeza "12", na kwa sababu 12 ni maandishi ikaona bora iyagandishe: "012". Ikaongeza "9": "0129". Halafu nikazidisha kwa 1,000, na hapa sasa ikaamua kwamba kumbe ni namba, ikanipa 129,000. Haikulalamika hata kidogo. Ilitoa jibu safi, la shilingi, ungeweza kulipeleka kwa shangazi akalipa laki moja na ishirini na tisa kwa kazi ya elfu ishirini na moja. Mfano huu unaonekana kwa macho. Lakini mwenye wachumaji kumi na watano kwa siku tisa, ataukagua kila mstari?

Python, kwa kosa lile lile, ilisimama. Ikakataa kuongeza namba na maandishi, ikaandika mistari kadhaa ya Kiingereza, ikanyamaza. Nikatia "int" mbele ya "input", ikaenda.

Siku ile nikabadilisha maana ya neno "rahisi". Vijana wa kantini wanasema JavaScript ni rahisi kwa sababu inasamehe. Ni kweli inasamehe, na ina historia yake: Brendan Eich aliitengeneza mwaka 1995 kwa muda wa siku kumi hivi, ili iweze kutumika kwenye kurasa za intaneti bila kusumbua watu. Kwa ukurasa wa picha za arusi, kusamehe ni sawa. Kwa mtu anayejifunza peke yake usiku, hana mwalimu wa kumwambia "hapo umepotea", inafaa lugha inayokataa. Kama mpima nguo dukani: bora anayekwambia kitambaa hakitoshi kuliko anayekata tu ukaona mwenyewe kwa fundi.

Na huyo wa akili bandia nimjibu hapo hapo. Ikuandikie, sawa, mie mwenyewe naiuliza nikikwama. Lakini itakupa programu ya pishi, na ukiwa hujui tofauti ya 12 na "12", utajuaje kama uliyopewa inajumlisha au inagandisha?

Kuna mambo ya Python yanayoudhi, nisiyafiche. Nafasi za mwanzo wa mstari zina maana. Ukikosea nafasi moja inagoma, na kwenye kibodi ya simu kuhesabu nafasi ni tabu. Ujumbe wa kosa ni Kiingereza na unatisha kwa urefu. Dawa yake: soma mstari wa mwisho kwanza. Ndio unaosema tatizo ni nini. Juu yake kuna unaosema liko mstari wa ngapi. Na jihadharini na vile vitabu vya PDF vinavyozunguka kwenye magrupu. Vingi ni vya Python 2, ambayo ilisimamishwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Ukiona "print" imeandikwa bila mabano, kifunge. Shoga yangu alikaa siku tatu na kitabu kama hicho, kila alichonakili kinakataa, akaamini kwamba yeye ndiye mwenye akili nzito. Hana akili nzito. Alikuwa anasoma kitabu cha lugha iliyokwisha kuzikwa.

Kuhusu Kiingereza, watu wanaogopa kupita kiasi. Maneno ambayo Python imeyashika kuwa yake, huwezi kuyatumia kwa jambo jengine, ni 35 tu. Ongeza "print", "input" na wenzao kidogo, umemaliza ya kuanzia. Majina mengine yote unatoa wewe: pishi, mchumaji, malipo, jumla. Programu yangu inasomeka Kiswahili kwa sehemu kubwa, na shangazi aliweza kuifuata kwa kidole. Lakini msidanganyike kwa kuhesabu maneno: C ya zamani ilikuwa na 32, machache kuliko Python, na bado inakutaka uwaze kumbukumbu ya kompyuta kabla hujajumlisha pishi mbili. Istilahi zetu nazo zina vituko vyake. Lile jambo la kurudiarudia linaitwa kitanzi. Nilimwambia bibi kwamba leo nimejifunza kitanzi, akaniangalia sana, akaniuliza kama masomo yananielemea.

Basi nilipompelekea shangazi, alisikiliza, akasema, "Mwanangu, simu ikizima je?" Nikasema daftari liendelee. "Na akitaka kuona?" Hilo sikuwa nalo. Programu yangu ilikuwa inatoa jumla peke yake. Mtu anayedai pishi nne hataki jumla. Anataka aone Jumatatu ngapi, Jumanne ngapi, na siku ya mvua ngapi. Nikaigeuza: badala ya kuongeza papo hapo, inaweka kila siku kwenye orodha, inaionesha yote, halafu ndiyo inajumlisha. Pishi = [12, 9, 7], na "sum" inasema 28. Kwenye Python hilo ni mabadiliko ya mistari mitatu, niliyafanya nimekaa juu ya jamvi, shangazi anasubiri.

Halafu akaleta vibaba. Hakuna anayechuma pishi kamili kila siku. Kuna pishi tatu na vibaba viwili. Pishi moja ni vibaba vinne. Nilitaka kuandika 3.5, nikaona shangazi hasemi hivyo wala wachumaji hawasemi hivyo. Kwa hiyo kila kitu ndani kinageuzwa vibaba, kwa namba kamili, tatu na viwili inakuwa 14, na mwisho kinarudishwa: kugawa kwa nne ni pishi, na baki, kwa ile ile alama ya asilimia ya saa ya bibi, ni vibaba. Nilipoiona alama ile inarudi nilicheka peke yangu.

Tuliijaribu kwa daftari la msimu uliopita, kurasa zile zinazosomeka. Wachumaji sita. Watano jumla zilikuwa sawa na za shangazi. Wa sita daftari lilimpunguzia pishi moja na kibaba kimoja, kosa la kujumlisha, la mtu aliyechoka saa tatu za usiku mbele ya taa ya chemli. Si yule aliyeondoka na hasira. Ni mwengine, msichana, hakuwahi kudai kitu. Shangazi alikaa kimya. Akaingia ndani, akatoka na pesa zimefungwa kwenye pembe ya khanga, akanipa nimpitishie nikirudi Chake, kwao ni njiani.

Yule wa pishi nne, ukurasa wake ndio uliolowa. Hakuna lugha ya kusoma ukurasa uliolowa. Shangazi amesema msimu ukija atamwita tena, na kila jioni atamwonesha simu na daftari pamoja. Kilichobaki kwangu ni bei: mwanzo wa msimu pishi moja huwa na bei yake, katikati wachumaji wakiadimika inapanda, na programu yangu inajua bei moja tu. Nitahitaji bei ya kila siku ikae pamoja na pishi zake. Nimeshaanza, niko mstari wa arubaini na mbili.